Dagaa kwenye kirikuu: kamba inalegea kabla sijafika Usagara, nifungeje?

MamaTausi_Kirumba

Mwangaluka wakuu. Nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nachukua dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kupeleka Sengerema, na soko likichangamka nasogea hadi Geita. Gari naendesha mwenyewe. Mzigo wanafunga makuli wa pale pale Mwaloni, na kwa kweli siwalaumu, wanaruka juu, wanavuta kamba mpaka bodi inalia. Tukiondoka kamba ukiigonga inaita.

Sasa nikifika Buhongwa nikitupa jicho kwenye kioo cha pembeni naona kamba inapepea. Nikikaribia Usagara mzigo umeshaanza kuinamia kushoto. Nikiingia daraja la Kigongo-Busisi na upepo ule wa ziwa, mikono inatoka jasho kwenye usukani.

Kinachonishangaza ni kimoja. Enzi za kivuko cha Kigongo, kabla ya daraja, nilikuwa nafika Sengerema mzigo umesimama wima. Makuli ni wale wale, magunia yale yale, kamba ile ile ya manila ya bluu, ya plastiki. Tangu tuanze kupita darajani mwaka 2025 ndiyo shida imeanza. Sokoni wengine wananiambia ni upepo, wengine wanasema kamba za siku hizi ni feki.

Kingine, kufungua. Wanapiga fundo juu ya fundo, nne tano, nikifika lazima nikate kwa kisu. Kila safari kamba inapungua. Ilianza ndefu, sasa ni vipande vya kuunga unga.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie: tatizo ni kamba, ni fundo au ni gari?

Racheti_Igoma

Dada, achana na mambo ya kamba, hiyo ni teknolojia ya babu zetu. Nunua mikanda ya racheti minne, ile yenye kulabu ncha zote. Unapitisha juu, unapiga ile mashine yake ka-ka-ka, unaondoka. Mimi nabeba majokofu na masofa, sijawahi kuokota kitu barabarani.

TandiboiMstaafu

Shikamoo kwa wakubwa, MamaTausi salama? Nimelala juu ya mizigo ya Fuso miaka mingi, Mwanza, Kahama, mpaka Kigoma, ngoja nikujibu taratibu.

Kwanza niulize: pale Kigongo enzi za kivuko, ulipokuwa kwenye foleni unasubiri, nani alikuwa anagusa kamba zako? Fikiria kabla hujanijibu.

Dagaa wakavu si mzigo mgumu. Gunia la dagaa lina hewa nyingi ndani. Linapotoka Mwaloni limejazwa juu juu, limevimba. Barabara inatikisa, tuta la kwanza, la pili, dagaa wanapangana upya, wanavunjika vunjika, gunia linakaa chini. Magunia yakipangwa tabaka nne na kila moja likashuka vidole viwili, juu kabisa mzigo umeshuka vidole vinane. Kamba yako haikurefuka na fundo halikufunguka. Mzigo ndio umeikimbia kamba. Hata ingekuwa waya wa chuma ungelegea.

Mzigo ukishalegea, barabara yenyewe inaanza kuusukuma. Lami imeinuka katikati ili maji ya mvua yaende pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari limelala kushoto kidogo muda wote. Ndiyo maana wako unainama kushoto. Upepo wa darajani unakuta kazi imeshaanza.

Dawa ya kwanza ni bure: kaza upya. Ukitoka Mwaloni, kabla hujafika mbali, simama sehemu salama, hata Mkuyuni, uzunguke gari, ubonyeze kila kamba kwa kiganja. Ikibonyea, kaza. Buhongwa tena, hapo mzigo umeshashuka sehemu kubwa. Halafu mara ya mwisho kabla ya daraja, kwenye nafasi ya kusimama. Darajani kwenyewe usithubutu kusimama, pale ni karibu kilometa 3 za maji kushoto na kulia, na wenzako wako nyuma.

Lakini huwezi kukaza upya fundo la kukata kwa kisu. Makuli wanapiga mafundo mengi kwa sababu hawaendi na wewe, wao wanataka lisifunguke mpaka upotee kona. Wewe unahitaji fundo la kukaza, kulegeza na kukaza tena kwa dakika moja. Nakueleza, shika kamba mkononi ujaribu.

Ncha moja ifunge kwenye kulabu ya bodi upande wa dereva, iwe imara, hii huigusi tena. Rusha kamba juu ya mzigo, zunguka upande wa pili. Kamba sasa inaning'inia mbele yako. Usawa wa kifua, izungushe upate duara dogo, na duara hilo lipige msokoto wa pili. Sasa shika kamba iliyo chini ya duara, upande wa ncha iliyo huru, ikunje, na kikunjo hicho ukipenyeze ndani ya duara. Kikunjo kipite, ncha isipite. Vuta, duara likibane. Una kitanzi kinachoning'inia katikati ya kamba.

Ukikunja kamba ya upande wa juu badala ya upande wa ncha, kitanzi kitakuwa kinateleza na kujibana kila ukivuta. Wengi wanakosea hapo, wanasema fundo halifai. Na ule msokoto wa pili usiuache, ndio unaozuia fundo kung'ang'ana ukashindwa kulifungua jioni.

Chukua ncha, ipitishe chini ya kulabu ya bodi, irudishe juu, iingize ndani ya kitanzi, halafu vuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wako, si kwa mikono. Utaona kamba inavyoingia. Kwa hesabu ya darasani hapo nguvu yako inazidishwa mara 3. Kiukweli kamba ikisuguana na kamba msuguano unakula sehemu kubwa, usitegemee hata mara 2, lakini hata hiyo inatosha mtu mmoja kufanya kazi ya makuli wawili. Na msuguano huo huo ndio unaokusaidia: ukibana kwa vidole pale kamba inapopita kwenye kitanzi, hairudi nyuma. Umeibana hivyo, piga fundo nusu chini ya kitanzi, la kikunjo, yaani usipitishe ncha yote, acha kikunjo kimetokeza. Piga na la pili. Kufungua, vuta ncha tu, yote yanaachia.

Nikija kwa kaka wa Igoma. Mikanda ni mizuri, sibishi, kwa jokofu, injini, mbao, vitu visivyoshuka. Kwa dagaa mkanda unalegea vile vile, na wenyewe hauvutiki kama kamba, ukilegea unaanza kupiga mawimbi na upepo. Kisha racheti ina nguvu mno kwa gunia. Ukiipiga mpaka mwisho unawasaga dagaa wa tabaka la juu, mteja Sengerema anafungua gunia anakuta unga. Ukiitumia, weka ubao au tairi lililokatwa kati ya mkanda na gunia, na njiani ukaze vile vile.

MamaTausi_Kirumba

Mkuu umenishika pabaya! Kigongo kulikuwa na kijana anazungukia magari kwenye foleni, anavuta vuta kamba, namwachia hela ya soda. Mimi nilidhani anatafuta riziki tu, kumbe alikuwa anaifanya kazi yenyewe. Sasa daraja limekuja, foleni hakuna, na kijana sijui yuko wapi.

Nimelijaribu fundo lako kwenye nguzo ya kibaraza. Mara ya kwanza kitanzi kilinikimbia, nilikunja upande wa juu kama ulivyosema. Nimegeuza, limekubali. Mwanangu wa darasa la tano kalipata haraka kuliko mimi.

Swali: kamba ngapi? Wao wanatumia moja ndefu, inazunguka gari lote kwenda na kurudi mpaka inaisha.

TandiboiMstaafu

Hiyo moja ndefu ndiyo siipendi kabisa. Ikikatika sehemu moja, au ikisagwa na kona ya bodi, gari zima limefunguka. Na huwezi kukaza katikati, lazima uanzie mwanzo. Ikate vipande vitatu au vinne, kila kimoja kisimame chenyewe. Cha kwanza kikatize karibu na kichwa cha gari, cha pili katikati, cha tatu nyuma. Kikiwepo cha nne, kifanye msalaba upande wa nyuma, kutoka juu kulia kwenda chini kushoto na kinyume chake, maana gunia la nyuma juu ndilo linalotangulia kuanguka gari linapopanda kilima.

Lakini kabla ya kamba, kupanga. Kamba haitengenezi mpango mbaya. Tabaka la kwanza liguse ubao wa mbele kabisa, usiache nafasi hata ya kiganja, kwa sababu ukikanyaga breki mzigo unaenda mbele. Kanuni za Ulaya na Marekani zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni asilimia 50. Kirikuu kwa kiwango cha Japani kinabeba kilo 350. (Najua, najua, Kirumba hakuna anayesoma kibao hicho.) Kwa hizo 350 tu, breki ya ghafla ni kama kilo 280 zinazosukuma mgongo wako. Ukiwa umeacha nafasi, zinakuja na mwendo.

Tabaka la pili lipishane na la kwanza, kama fundi anavyopanga matofali, gunia la juu likae juu ya maungio ya mawili ya chini. Midomo ya magunia iangalie ndani. Na kila unavyopanda juu, ingiza ndani kidogo, mzigo uwe mwembamba kwa juu. Makuli wanapenda kupanua juu ili yaingie mengi, wanalipwa kwa gunia.

Turubai liwe juu ya magunia, kamba juu ya turubai. Ukiunga maturubai mawili, la mbele lilalie la nyuma, upepo usipate mlango. Watu wanageuza, halafu wanashangaa turubai limevimba Usagara.

Nansio_Baharia

Nimependa somo. Mimi ni wa majini, Ukerewe, tunapakia mbao na mahindi kwenye boti. Naongeza kuhusu vipande vya kuunga unga alivyosema Mama Tausi, maana hapo mzee kapita haraka.

Usiunge kamba mbili kwa lile fundo la kufungia kifurushi, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia. Lile ni la kufungia bendeji na vifurushi. Kamba zikitofautiana unene, au moja ikiwa manila mpya inayoteleza, linageuka na kuchomoka bila hata kukupa taarifa. Na ukikosea ukapiga kulia juu ya kushoto mara mbili, ni baya zaidi.

Fanya hivi: kamba nene ikunje ncha yake, ishike. Kamba nyembamba ipenye ndani ya kikunjo kutokea chini, izunguke nyuma ya nyuzi zote mbili za ile nene, irudi mbele ipite chini ya yenyewe. Vuta. Kwa manila izungushe mara mbili kabla ya kuichomeka. Ncha ziachie urefu wa kiganja, usizikate karibu.

Jua pia kwamba fundo lolote linapunguza nguvu ya kamba, mengine mpaka karibu nusu, kwa sababu nyuzi za nje kwenye kona zinavutwa na za ndani zimelala. Kwa hiyo kamba yenye mafundo mengi ya kuunga, nunua nyingine tu.

Manila ya bluu nayo ina adui wawili. Jua: ukikunja kamba ukaona inatoa unga unga na vinyuzi vinachoma mkono, jua limeshaila, ishushe cheo ikaanikie nguo. Na joto: plastiki ile inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, ukiivuta haraka kamba juu ya kamba inajichoma. Vuta kwa nguvu lakini polepole, na kitanzi kila safari kipige sehemu tofauti kidogo.

Racheti_Igoma

Sawa, kwa dagaa nimekubali. Na katani je? Mzee wangu alikuwa hataki kamba nyingine.

TandiboiMstaafu

Nansio asante, hiyo ya kuunga umeieleza kuliko mimi.

Katani haitelezi, mkono haikuchomi, na mafundo yanashika vizuri. Shida yake ni maji. Ikilowa inavimba na kufupika, inakaza yenyewe mpaka inakata gunia. Jua likitoka inalegea. Masika ya kwetu huku mvua ya nusu saa halafu jua kali, utakuwa unashuka kila kijiji. Na ukiihifadhi mbichi inaoza kwa ndani, nje inaonekana nzima. Ifungue msokoto uangalie katikati, ikiwa nyeusi na inanuka, mwisho wake umefika. Nailoni halisi inavutika, kwa dagaa hilo ni jema kidogo, mzigo ukishuka kamba inaufuata. Lakini bei yake si ya kirikuu.

Halafu kwa mnaobeba mabati na saruji, mzigo mfupi kwenye bodi pana. Kamba pale inalala, haisimami. Kamba inayotoka kwenye bodi kwa pembe ya nyuzi 30 inakandamiza chini kwa nusu tu ya nguvu uliyoivuta, nyingine inapotea pembeni. Mzigo wa dagaa ni mrefu, kamba inashuka karibu wima, nguvu yote inaenda chini. Kwa mabati kaza zaidi, ongeza idadi ya kamba, na weka maboksi au tairi kwenye kona. Kona ya bati inakata manila kimya kimya.

MpiraWaBoda

Sisi wa pikipiki tunatumia mpira wa tyubu, hatuna haya mambo ya msokoto wa pili 😂

TandiboiMstaafu

Mpira kwa kreti moja la soda sawa. Kwa mzigo mzito unavutika kila tuta, mzigo unaruka na kurudi, unaruka na kurudi. Na ile yenye kulabu ya chuma mwishoni, usiivute ukiielekezea usoni. Ikichomoka haikosi jicho. Simama pembeni.

MamaTausi_Kirumba

Nimerudi na majibu. Nimekata vipande vinne, nimewasimamia wakapanga kwa kupishanisha. Kulikuwa na kelele! Mmoja akaniambia mama unatufundisha kazi. Nikamwambia nitakulipa idadi ile ile ya magunia hata yakipungua mawili, akanyamaza, akapanga.

Mkuyuni nilibonyeza, kamba ya katikati ilikuwa imeshalegea kabisa, sikuamini, hata mbali sijaenda. Nikakaza. Buhongwa tena zote, kidogo kidogo. Kabla ya daraja moja tu ya nyuma. Sengerema mzigo umefika umesimama, na kufungua nilivuta ncha nne, kisu kikabaki mfukoni. Mteja alikuwa anakuja na panga lake kama kawaida, nikamwambia rudisha.

Nina swali dogo la mwisho. Shemeji kanipa mkanda wa racheti uliokatika katikati, ameuunga kwa fundo, anasema bado unavuta vizuri. Niutumie pale nyuma badala ya msalaba?

Racheti_Igoma

Hili nalijibu mimi. Hapana. Mkanda haufungwi fundo, ukifungwa unapoteza nguvu nyingi sana, na ule umeshakatika mara moja, jiulize uliobaki uko na hali gani. Kata ile mashine na kulabu zake uziweke, utanunua mkanda wenyewe. Kitambaa mpe shemeji afungie mbuzi.

Nansio_Baharia

Hata mbuzi ataondoka nao.